Daktari Aliyerudi Kila Siku

Nianze kwa kukubali kosa, maana nikichelewa nitajitetea, na mimi nikianza kujitetea hakuna anayeniweza. Yule tapeli wa kwenye video alikuwa na koti jeupe na meno mazuri, lakini mdomo uliomuuzia Ata dawa ya uongo ulikuwa huu wangu.

Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu wenye mvi zao. Ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja nilichokodi mwaka wa 2012 nilipofungua saiba, duka la intaneti, pale Lodwar, kando ya njia ya kwenda Kalokol. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilifika Turkana nikimfuata mume wangu aliyehamishiwa ofisi ya maji, na baada ya miezi miwili ya kukaa ndani nikigombana na nzi, nikamwambia, baba, nitafutie kazi ya kufanya kabla sijageuka kichaa. Nikapata chumba cha mabati, kompyuta tatu, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kila asubuhi, na Ata mlangoni.

Nasema mlangoni kwa sababu ndipo alipokaa, kutwa nzima, miguu ameinyoosha mbele, akisuka vikapu vya majani ya mkoma. Kiwanja kilikuwa chake, kwa hiyo angekaa popote. Lakini alikuwa amegundua kwamba feni yangu inafika mpaka pale kizingitini, na katika joto la Lodwar mtu akishapata upepo wa bure hang'oki. Wateja walimruka. Waliokuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, na mwaka ule zilikuwa nyingi kwa sababu ya habari za mafuta kugunduliwa Turkana, walimsalimia kwanza yeye, "Ejok, Ata," naye akaitika bila kuinua uso, halafu ndipo wakaingia kwangu. Asiyemsalimia alirudishwa nje. Si mara moja nilimpoteza mteja kwa sababu hiyo, na nikilalamika ananiambia, "Mama Kompyuta, mtu hana adabu, barua yake atapata kazi gani?"

Hakuinua uso kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alikuwa na ule ugonjwa wa macho uliozoeleka kule, unaoanza utotoni kwa macho mekundu na uchafu, na ukizeeka nao unageuza kope zikaangalia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila ukipepesa. La kushoto lilikuwa limeshafanya utando mweupe. La kulia alilifungua kidogo tu, upenyo wa kuingiza uzi, na humo alikuwa anaona vivuli. Shingoni, katikati ya shanga zake nyingi, alining'iniza kikoleo kidogo cha chuma cha kung'olea kope. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa nacho. Zamani dada yake ndiye aliyekuwa akimng'oa kope, dada akafa, na nilipofika mimi alinipima sauti kwa wiki kama mbili hivi, halafu siku moja akanivulia kile kikoleo akaniwekea mkononi.

Jamani! Kumshika mama wa watu kichwa, kumgeuza juani, kutafuta unywele mmoja mmoja kwenye kope iliyovimba! "Wewe vuta," akaniambia. "Hapana piga stori." Nikavuta. Machozi yakamtoka, akacheka, akasema mkono wangu ni mzito lakini moyo ni mwepesi. Tangu siku ile ikawa kila Jumatatu kabla sijafungua saiba namng'oa kope kwanza. Nilimpenda yule mzee. Wala sikujua namna ya kumwambia, kwa hiyo nilikuwa nikimgombeza kuhusu uchafu wa majani yake mlangoni.

Sasa, video. Mtandao wetu wa siku zile ulikuwa wa kuvizia. Ukitaka kuona wimbo mmoja wa kwaya, unaubonyeza, unakwenda kununua mandazi, unarudi, kiduara bado kinazunguka. Lakini ajabu ya Mungu ni hii: kwaya ilikwama, tangazo lililotangulia halikukwama hata siku moja. Tangazo lilikuja limenyooka, na sauti juu, mpaka jirani yetu kinyozi anasikia. Na mwisho wa mwaka ule tangazo lililotuangukia lilikuwa moja tu. Mzungu wa makamo, koti jeupe, kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, nyuma yake rafu ya vitabu. Alikuwa na matone ya macho.

Kiingereza chake kilikuwa cha haraka, na wengi waliokuwa wakikaa pale kungojea kwaya hawakukipata. Wakaniuliza, anasema nini? Hapo ndipo ninapojichukia. Badala ya kusema "ni tangazo tu, ngojeni wimbo," nilisimama kama mwalimu mkuu nikaanza kutafsiri. Na mimi sijui kutafsiri kavu. Kwetu mtu akikutumia salamu kwa mtu mwingine, unazifikisha zikiwa zimenenepa njiani. Basi daktari akisema "marafiki," mimi nasema, "Anasema, mama zangu wapendwa, nimeona mnavyoteseka." Akisema matone yametoka kwenye mizizi ya milimani, mimi naongeza kwamba wazee wa zamani waliijua mizizi hiyo. Akisema siku ishirini na moja bila kisu, nasema bila kisu, bila sindano, bila hata kulala hospitalini. Watu walipenda. Walikuwa wanaingia kusikiliza tangazo, wimbo ukianza wanatoka!

Na Ata alikuwa pale mlangoni, vidole vinasuka, masikio kwangu.

Hakusema kitu kwa siku nyingi. Mimi nilidhani hajali. Kumbe alikuwa akihesabu. Jumatatu moja nikimng'oa kope akanishika mkono, akaniambia, "Huyu daktari yako anakuja kila siku. Jana anakuja mara nne."

"Ata, hilo ni tangazo. Linajirudia lenyewe."

"Sikia mimi," akasema. Halafu akanieleza kwa utaratibu, vile mtu anavyomweleza mgeni asiyejua mambo. Akasema mwongo harudi. Mtu akikuuzia mbuzi mgonjwa pale sokoni, hutamwona tena upande huo, atapitia Namoruputh aende zake Uganda. Hata anayekuja kuomba binti wa watu, akija mara moja anafukuzwa, akija mara ya pili anafukuzwa, akiendelea kurudi na maneno yaleyale bila kukasirika, mwishowe wazee wanakaa naye chini, kwa sababu wameona uso wake hauogopi kuonekana. "Huyu hapana ogopa," akasema. "Anarudi na maneno yake ni moja tu. Mimi nataka hiyo dawa."

Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba yule mtu hayupo pale, kwamba alisema mara moja tu mbele ya kamera na mashine ndiyo inayorudi? Nilimwambia, lakini kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini. Ukisema jambo mara nne kwa siku kwa mdomo wako mwenyewe, na watu wanaitikia kwa vichwa, linakuingia. Nikajaza fomu ya kuagiza, palepale mtandaoni. Mbuzi mmoja wa Ata akauzwa, pesa zikatumwa kwa simu kwenye namba ya Nairobi, na baada ya wiki mbili kifurushi kikaja kwa basi. Kichupa kidogo, karatasi imebandikwa upande, picha ya jicho la buluu.

Tulimtia matone siku hiyohiyo, mimi na yeye, kwa shangwe. Yalikuwa na ubaridi wa mnanaa. Akapiga kelele, halafu akatulia, akasema, "Inafanya kazi, nasikia baridi mpaka kichwa." Nilikuwa na furaha nikampa soda. Na kwa sababu dawa ilikuwa kazini, akanikataza kumng'oa kope. Tusisumbue, akasema, tungoje siku ishirini na moja.

Katika siku hizo ndipo lilipotangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja Kakuma, katika hospitali ya misheni, kwa wiki moja. Upasuaji mdogo wa kugeuza kope, bure. Walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hawakuja kabisa. Binti yake Ata, aliyeolewa Kakuma na anauza chai karibu na kambi ya wakimbizi, akapiga simu kwangu: "Mwambie mama aje. Jina lake nimeliandikisha." Nikamwambia Ata. Akainua kidevu, ndiyo namna yake ya kukataa. "Kisu? Mimi niko na dawa." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia yule binti kwenye simu kwamba mama anaendelea vizuri na matone.

Hakuwa akiendelea vizuri. Kope zilikuwa zimeota zote, na jicho la kulia lilikuwa jekundu likitoa maji. Alisuka akiwa amelifunga kabisa. Mistari ya kikapu ikaanza kwenda upande, naye akapapasa, akafumua, akaanza upya, bila kuniambia neno.

Jumatatu ya ile wiki ya madaktari, asubuhi, nilifungua wimbo kwa ajili ya mteja. Likaja tangazo jipya. Jamaa wa shati la maua, ndevu, miwani ya jua, nyuma yake bahari. Anauza mafuta ya kuotesha nywele kwa wenye upara. Wateja wakacheka, kwa sababu kinyozi wetu jirani alikuwa na upara unaong'aa, wakamwita aje aone riziki yake inavyorudi. Na mimi nikafungua mdomo kutafsiri.

"Nyamaza," Ata akasema kutoka mlangoni.

Tukanyamaza. Akaacha majani yake chini. Akageuza sikio.

"Huyo ni daktari yangu."

Nikamwambia hapana, Ata, huyu ni mtu mwingine kabisa, huyu ana ndevu. Akasema ndevu yeye hazioni. Akasema nirudishe. Nikarudisha. Nikaangalia vizuri safari hii, nikaona yale meno. Yalikuwa yaleyale. Ndevu zilikuwa za kubandika, hata shavuni zilikuwa zimeinuka kidogo upande mmoja, na mimi mwenye macho mawili na cheti cha kompyuta sikuona, mpaka nikaonyeshwa na mtu asiyeona.

"Daktari ya macho anafanya nini na nywele?" Ata akauliza.

Hakuna aliyecheka tena. Nikasema pole pole, "Si daktari, Ata. Ni mwigizaji. Analipwa aseme."

Akashangaa kwa sauti, kama mtu aliyeona jambo ambalo halijawahi kutokea duniani: "Amedanganya mimi, na amerudi? Amerudi hapahapa, na anasalimia watu?" Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya mbuzi. Kwamba kuna mahali ambapo mtu anaweza kudanganya na kesho yake akarudi palepale akitabasamu, na hakuna wa kumshika.

Nilipiga ile namba ya Nairobi, ilikuwa imezimwa. Nikamtukana yule mzungu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, na kwa Kiturkana kile kidogo nilichokuwa nacho. Nikamwambia Ata, basi twende Kakuma, madaktari bado wapo mpaka Ijumaa, kesho nitafunga saiba nikupeleke mwenyewe. Nilidhani atasema twende.

"Na hao," akasema, "wewe unajua wao sio waongo?"

"Najua, Ata."

"Yule ulijua?"

Akaanza kukusanya majani yake. Nikamwambia usinikasirikie mimi, mkasirikie yule mwizi, mimi pia amenidanganya. Akasimama kwa kushika mlango wangu wa mabati, akaniambia neno ambalo mpaka leo nikiwa naosha vyombo linanijia: "Mama Kompyuta, mimi sijui Kizungu. Huyo hajasema mimi kitu. Ni wewe ulisema."

Akahamia upande wa pili wa kiwanja, kwenye jua, bila feni. Jumanne nzima nilimsalimia, hakuitika. Ata, aliyekuwa akiwafukuza watu kwa kukosa salamu! Binti yake akapiga simu akilia, akasema foleni inapungua, wanakaribia kufunga, na kwamba daktari mmoja amemwambia kope zikiendelea kukwaruza hivyo, mwaka ujao hakutakuwa na jicho la kuokoa. Mume wangu aliporudi chakula cha mchana akaniambia, "Muombe msamaha." Nikamfokea, nimeshaomba mara kumi! Akasema, "Hujaomba. Umejitetea." Alisema kweli, na nilikasirika sana.

Jumatano asubuhi sikufungua kwa wateja. Nilikwenda nikamshika Ata mkono, akauacha mkono wake uwe mzito, lakini akaja. Nikamkalisha ndani, kwenye kiti changu. Nikamwambia, "Nitakusomea upya." Nikabonyeza wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka yule mtu wa koti jeupe akaja. Nikamsimamisha kila baada ya maneno machache, nikatafsiri kama alivyosema, bila kuongeza hata kidole.

"Amesema, 'Hamjambo marafiki.' Hakusema mama zangu. Hilo lilikuwa langu."

Nikabonyeza tena.

"Amesema mizizi ya milimani. Hakutaja wazee wa zamani. Wangu hao."

Nikabonyeza, nikasimamisha.

"Amesema, 'kung'arisha macho yaliyochoka.' Ata, hakusema kope. Kope zilizogeuka hakuzitaja hata mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Niliongeza kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe pale mlangoni."

Hapo pumzi yake ilibadilika. Nikaendelea kwa sababu nikisimama nitalia. Mwishoni mwa tangazo, chini kabisa, yalipita maandishi madogo meupe, kwa sekunde mbili tatu. Sikuwahi kuyasoma. Nikasimamisha video, nikasogeza pua kwenye kioo, nikamsomea: "Hii si dawa. Haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Mwigizaji si daktari."

Akauliza, "Hayo maneno ilikuwa hapo siku zote?"

"Yalikuwepo."

"Na wewe uko na macho mbili."

Nilikaa chini sakafuni karibu na miguu yake nikasema, "Nisamehe, Ata," hilo tu, bila maelezo nyuma yake. Akanyoosha mkono, akanipapasa kichwa, akapapasa mpaka usoni, akakuta maji, akaufuta mkono wake kwenye nguo yangu. Halafu akatoka akaenda zake. Sikujua ni ndiyo au hapana.

Alhamisi asubuhi, jua halijakaza, nilimkuta kando ya barabara ameketi juu ya furushi lake. "Gari inaenda saa ngapi?" akauliza. Nilimkumbatia mpaka akanipiga kofi la mgongo.

Hatukupata gari la abiria. Tulipata pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka samaki wakavu wa Kalokol kwa Wakongo wa kambini, tukakaa mbele watatu na harufu ikakaa nasi. Barabara yenyewe ilikuwa mashimo yaliyoshikana mikono. Kila tukirushwa Ata alishika jicho lake kwa kiganja. Njia nzima alisema jambo moja tu: kwamba huko tukifika, daktari akisema neno, yeye atataka kulisikia kutoka kwangu. Nikamwambia Ata, hospitalini kuna manesi wa Kiturkana, watakuambia kwa lugha yako, ni bora zaidi. Akasema, "Wewe ulidanganya mimi. Wewe utasema."

Kakuma tulimkuta binti yake langoni na chupa ya chai. Foleni ilikuwa imebaki ya watu wachache, wenyeji na wakimbizi wamechanganyika, mama mmoja Msomali akimpepea mama yake, mzee mmoja anasali kwa Kifaransa. Tukaitwa. Na daktari, hebu sikia, alikuwa mzungu wa makamo, koti jeupe, kifaa shingoni. Nilisema moyoni, Bwana wangu, ulikosa wengine wote? Daktari akasalimia. Ata akaruka nusu ya kiti.

"Mwambie aongee," akanong'ona. "Aongee mrefu."

Nikamweleza daktari. Alikuwa mtu mwema, hakuuliza sana. Akaanza kuhesabu moja mpaka ishirini kwa Kiingereza, na Ata amegeuza sikio kwake. Alipofika kumi na nne Ata akasema, "Sio yeye." Nesi wa Kiturkana aliyekuwa pembeni akaficha mdomo kwa faili.

Daktari akamfungua macho moja moja, akamulika tochi, akakaa muda mrefu kwenye lile la kulia. Halafu akazungumza. Alipomaliza, Ata akanigeukia. Nesi pia akaniangalia. Nikaona mpango mzima wa yule mzee: nesi alikuwa amesikia Kiingereza, na nitakachosema mimi, nesi atakipima.

Na mimi nilikuwa na maneno mawili mkononi, moja zuri na moja baya, na moyo wangu wote ulitaka kulinenepesha lile zuri ili lile baya lisionekane. Ningeweza. Ningesema tu, "Anasema utapona, Ata," na isingekuwa uongo kabisa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema, "Amesema la kushoto limekwisha, Ata. Halitaona tena. Atageuza kope ili lisikuume, basi. La kulia lina kovu. Halitarudi kuwa kama la msichana. Akigeuza kope, kilichobaki kitabaki, na huenda kikaongezeka kidogo. Amesema huenda. Hakusema lazima. Na amesema kuna sindano kwenye kope, na itauma."

Binti yake akaanza kulia mlangoni. Ata akamwuliza nesi kitu kwa Kiturkana, nesi akamjibu kwa neno moja. Ata akakaa akitafuna midomo yake. Niliona nimemuua. Niliona atainua kidevu na tutarudi Lodwar na samaki.

"Huyu anasema umesema sawa," akaniambia. Halafu akavua shanga za juu, moja baada ya nyingine, akampa binti yake, na kikoleo pamoja nazo. "Kama ungesema macho yote itapona, mimi narudi nyumbani. Umesema moja imekufa. Sasa naamini hii ingine."

Akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Sindano ilimuuma, nilimsikia akimtukana daktari kwa Kiturkana kwa utulivu, na daktari akimjibu "asante, asante," neno la Kiswahili alilokuwa nalo. Akatoka amefungwa bandeji macho yote mawili. Tukalala kwa binti yake.

Ijumaa asubuhi nesi akamkalisha kwenye benchi la nje, chini ya kibaraza, akaanza kuzungusha bandeji kuitoa. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikatoka. Kope ilikuwa imevimba, ina nyuzi, ya buluu kama zambarau. Nesi akamwambia alifungue jicho taratibu. Alilifungua. Likatoa maji, akalifunga, akalifungua tena, na safari hii halikufungika. Nilimsubiri apepese kwa uchungu kama kawaida yake. Akapepesa, na uso wake haukukunjamana.

Mimi siwezi kungoja, mnanijua. "Ata, unaona? Kuna nesi mbele yako, na kule nyuma kuna mti, na yule pale ni..."

"Nyamaza," akasema. "Leo mimi nitaambia wewe."

Nikanyamaza. Akageuza kichwa pole pole, akaliacha jicho lile moja litembee uani, kwenye ukuta, kwenye binti yake ambaye alikaa naye sana, kisha likaja kwangu, likasimama. Nilikuwa sijawahi kuangaliwa na yule mama.

"Naona mwanamke mfupi," akasema. "Nguo yake ni ya kijani. Analia, na mdomo yake imefungwa."